Daftari la makopo

Katika mchanganuo wa biashara wa tatu niliousahihisha nilipoanza kufundisha ujasiriamali chuoni, nilikuta sentensi inayosema kwamba soko kubwa la mayai litakuwa wavuvi na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Mradi wenyewe ulikuwa wa kufuga kuku Kihonda, hapa Morogoro. Nikawaita vijana watano walioukabidhi. Walisimama mbele ya meza yangu wakitazamana, mpaka binti mmoja akasema kweli: "Samahani mwalimu, tuliununua steshenari. Tukabadilisha majina na eneo. Hiyo sehemu ilitupita."

Niliwapa alama ndogo na maneno makali. Wiki hiyohiyo nikairudia michanganuo mingine 11 ya darasa lile kwa jicho jingine, na nilichokiona kiliniondolea raha kwa muda mrefu. Ile mingine haikuwa imenunuliwa, lakini ilifanana na ule wa kununuliwa kama mapacha. Kuku 500, hafi hata mmoja. Mwezi wa tano wote wanataga. Bei ya chakula haipandi, bei ya mayai haishuki, na kila trei inalipwa taslimu siku ileile inapotoka bandani. Ukurasa wa mwisho una jedwali, na jedwali lina faida. Wale watano walikuwa wamelipia kitu ambacho wenzao walikitengeneza bure kwa kufuata mwongozo niliowapa mimi mwenyewe.

Nimefundisha somo hili miaka tisa sasa. Katika minne ya mwanzo sikuwahi kusahihisha mchanganuo hata mmoja uliomalizika kwa kusema: biashara hii haifai, tusiianze. Hata mmoja! Kama hesabu zingekuwa zinapigwa kweli, baadhi zingekataa. Nani asiyejua kwamba mtaani biashara nyingi zinakufa? Darasani kwangu zilikuwa hazifi.

Sababu moja iko nje ya darasa. Kwetu mchanganuo ni ufunguo wa mkopo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na kikundi kikitaka kuomba lazima kiwe na andiko lake. Nauheshimu sana mpango huu. Nawafahamu akina mama walionasuka kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza, kwa sababu yake. Lakini kijana akijua kwamba karatasi ile itasomwa na mtu mwenye pesa, ataandika ya kumpendeza mwenye pesa. Pesa ikishatoka, karatasi inafungiwa kabatini, na yeye anaingia sokoni mikono mitupu, kwa sababu alichokiandika hakikuwa chake tangu mwanzo.

Sababu nyingine ilikuwa mimi, na huko nitafika.

Nilipochoka na michanganuo mapacha nikageukia visa. Wamarekani wa shule ya biashara ya Harvard wameitumia njia hii kwa takriban karne nzima: mwanafunzi hapewi nadharia kwanza, anapewa kisa cha mtu aliyebanwa na uamuzi, halafu anaulizwa, ungekuwa wewe? Nikaona ndiyo dawa. Nikaanza na wakubwa. Nikawasimulia habari za Reginald Mengi, aliyeanza viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Nikawasimulia habari za Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule angali mdogo akaanza na biashara ndogondogo ya chakula, na leo unga wake uko kila duka la mtaa. Darasa likapiga makofi. Nikauliza wamejifunza nini. Juhudi, wakasema. Uaminifu. Kumtanguliza Mungu. Nikauliza kwa namna nyingine, jibu likawa lilelile.

Kosa halikuwa lao. Hadithi ile wanaujua mwisho wake tangu utotoni, na ukishajua kwamba mtu atashinda, huna cha kuamua kwa niaba yake.

Mwaka uliofuata nikakirudia kisa cha Mengi, safari hii nikakikata katikati. Nikawaambia: ni miaka ya 1980, bidhaa zimeadimika, hata kalamu ya kuandikia ni shida kuipata. Huyu bwana ni mhasibu kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, ana mshahara mzuri. Aache kazi? Aanze na nini? Kwa nini kalamu, kwa nini asianze na sabuni? Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mmoja akasema kalamu haiozi na haichukui nafasi, unaweza kuziunganishia sebuleni. Mwingine, mtulivu sana ambaye nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake, akasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelitazama: huyu mtu kazi hakuiacha. Mshahara uliendelea kuingia huku kalamu zinaunganishwa, kwa hiyo kalamu hazikulazimika kumlisha tangu siku ya kwanza. Tukakaa na wazo hilo saa nzima. Wangapi kati yetu tunaitaka biashara ilipe ada na kodi ya nyumba mwezi wa kwanza, tunaishia kula mtaji?

Hata hivyo Mengi yuko mbali na mwanafunzi aliyetoka Gairo na ndoo ya asali ya babu yake. Nikaamua kuandika visa vya watu tunaoweza kuwafikia kwa miguu. Wa kwanza alikuwa kijana anayekaanga chipsi karibu na stendi ya Msamvu. Alinikubalia kwa sharti moja, jina lake nisiliandike. Kisa kilikuwa kurasa mbili tu. Viazi vimepanda bei. Mwezi wa Ramadhani unaingia wiki ijayo na mauzo ya mchana yatakufa. Mama anayemletea viazi anamdai gunia mbili. Jirani yake anahama na kumwachia fremu, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikaishia hapo.

Swali la kwanza darasani lilikuwa dogo: gunia moja linatoa sahani ngapi? Hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua. Tulikuwa tumekaa tunashauri kuhusu fremu na kodi na matangazo, na hakuna mtu chumbani mle aliyejua gunia linatoa sahani ngapi. Kijana mmoja, ambaye mchanganuo wake wa chipsi ulikuwa umeandika sahani 400 kwa gunia la kilo 100, akajitolea kwenda kuhesabu.

Alikaa pale siku tatu, juu ya dumu la mafuta lililogeuzwa, na daftari magotini. Kila sahani mstari. Gunia lilipokwisha alikuwa na mistari 236. Alirudi na orodha ya mahali zilikopotelea nyingine, na orodha hiyo nimeitunza. Maganda. Viazi vilivyooza kwa ndani ambavyo huvioni mpaka uvikate. Vile vidogo vya kujazia lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa kupita mdomo wake, ambavyo ukivimenya kinabaki kipande kama kidole. Sahani ya mlinzi anayelala kwenye kibanda usiku. Sahani ya msaidizi mchana na jioni. Sahani mbili za "kaka, nitakulipa kesho". Na sahani moja kila siku ya mtoto wa dada yake anayetoka shule saa nane, ambayo yule kijana wa chipsi alimwambia mwanafunzi wangu asiihesabu kama hasara.

Aliposimama kusoma orodha ile, darasa halikupiga makofi. Walikuwa wanaandika.

Baada ya hapo nikawa nawaita wafanyabiashara wenyewe. Mmoja wao ni mama anayeuza mayai soko la Mawenzi, mtu mzima, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani. Vijana walimwonyesha mchanganuo wao wa kuku wa mayai. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema kitu, akafika kwenye jedwali, akauliza: "Trei zenyewe mmeziweka wapi, wanangu?"

Hawakuelewa. Akafafanua kwamba mayai hayatembei yenyewe. Ukimpelekea mwenye duka trei kumi, umempelekea na makasha kumi, na makasha hayo kurudi ni majaliwa. "Mimi nina makasha sitini yangu yako mitaani mjini hapa. Nayajua yalipo. Siwezi kuyafuata." Halafu akauliza la pili: "Na mali kauli?"

Kwa msomaji aliyewahi kushika biashara sihitaji kueleza. Unampa mtu mzigo, anakuahidi kukulipa akishauza. Bila mali kauli maduka mengi yatakukataa, maana na wao hawana taslimu. Kwenye mwongozo wangu wa mchanganuo, wenye vichwa vya habari 14, mali kauli haikuwemo popote. Tukachukua kalamu pamoja naye ubaoni. Kuku 100 wanaotaga wanakula kama kilo 12 kwa siku, yaani mfuko wa kilo 50 unamalizika siku nne. Kwa utagaji wa asilimia 80 unapata mayai 80 kwa siku, trei mbili na mayai 20 juu. Wenye maduka wakikulipa baada ya wiki tatu, umekwisha kununua mifuko mitano kabla ya kushika shilingi ya trei la kwanza. Jedwali linasema una faida, na ni kweli unayo, lakini iko kwa watu. Kuku hali daftari la madeni. Mwanafunzi mmoja akauliza, basi pesa ya hiyo mifuko mitano inatoka wapi? Yule mama akavua miwani, akasema, "Hilo ndilo mngeanza nalo."

Sasa nifike kwangu.

Kabla ya kufundisha chuoni nilikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 2013 nilichukua mkopo kwenye taasisi moja nikaanza kufuga kuku wa mayai, vifaranga 300. Mchanganuo niliuandika mwenyewe na niliuandika vizuri. Afisa aliyeupokea alinisifu. Kiwanja chetu ndicho kilikuwa dhamana. Mkopo ulikuwa utoke kwa awamu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wakati, ya pili ikachelewa wiki saba. Wiki ya 15 hatukuwa na chakula. Tuliwauza kuku wakiwa hawajataga hata yai moja, wamekonda, wakabebwa kwenye matenga kwa pikipiki tatu, kwa bei ambayo mpaka leo sipendi kuitaja. Kiwanja kikaenda.

Kwa miaka mingi nilijua nani alaumiwe: ile taasisi na wiki zake saba. Niliamini hivyo kabisa, na ndiyo maana niliweza kuingia darasani na kufundisha mchanganuo uleule bila kuona aibu. Kwangu mimi mchanganuo ulikuwa sahihi, ni watu ndio walioniangusha.

Miaka mitatu iliyopita nikaandika kisa changu mwenyewe nikawapa wanafunzi, bila kusema ni cha nani. Mwalimu mmoja wa sekondari, kuku 300, awamu ya pili imechelewa, afanyeje? Mjadala ulikwenda nilivyotarajia. Wengi walimkasirikia mkopeshaji. Wengine walisema angekopa kwa ndugu, wengine angeuza nusu ya kuku mapema ili alishe nusu iliyobaki, na hilo lilikuwa wazo zuri ambalo kwa kweli sikuwahi kuliwaza. Halafu binti mmoja wa Kilosa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa umeandika 'mkewe akiwalisha asubuhi na jioni'. Kumbe anayejua chakula kinavyokwisha ni yeye. Mbona kwenye kisa haongei?"

Nilimwambia swali zuri, tutaliendeleza kipindi kijacho. Nilikuwa nataka tu kutoka.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu. Alinisikiliza, akainuka, akaenda chumbani, nikasikia tranka likifunguliwa. Akarudi na daftari la shule lisilo na jalada. Ndani kulikuwa na mistari, mitano mitano, kurasa nyingi. Kila mstari ulikuwa kopo moja la chakula. Lile kopo nalikumbuka, lilikuwa la maziwa ya unga, na aliwahi kulipeleka dukani likapimwa kwenye mizani. Asubuhi mistari, jioni mistari. Pembeni waliokufa: "J'nne 2", "Ijumaa 1". Juu ya kila mfuko mpya, tarehe. Kwenye ukurasa wa wiki ya 12 alikuwa ameandika: "Imekwenda 23. Imebaki 7. Nimemwambia."

Nilikaa na daftari lile mpaka usiku wa manane. Mchanganuo wangu ulisema mifuko 30 itatosha mpaka wataanza kutaga, wiki ya 18. Daftari lilikuwa linaonyesha kwamba mifuko saba iliyobaki isingefika hata wiki ya 15. Nikapiga hesabu kwa mbele kwa mwendo wa makopo yake: kabla ya yai la kwanza wangekula kama mifuko 45. Awamu zote mbili za mkopo, zingekuja kwa wakati, zilikuwa zinatosha mifuko 40. Na kuku hawaanzi kutaga wote siku moja. Yai la kwanza huja kama wiki ya 20, dogo, moja leo na mawili kesho, na zinapita wiki kadhaa kabla banda halijaanza kujilisha. Wiki saba za kuchelewa ziliniumiza, hilo sitalifuta. Lakini tungeanguka hata kama wangewahi. Tungeanguka mwezi mmoja baadaye, na deni kubwa zaidi.

Nilimwomba mke wangu aje darasani. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Alikuja na kopo, si lile la zamani, ila la ukubwa uleule, na daftari kwenye mfuko. "Shikamoo mama," darasa zima. "Marahaba wanangu, hamjambo." Nikawaambia kwamba mwalimu wa kwenye kisa ni mimi na kwamba huyu ndiye asiyeongea. Kisha nikaenda kukaa nyuma.

Aliwaonyesha jinsi ya kupima kwa kopo. Aliwaonyesha jinsi chakula kinavyomwagika chini kuku wakiparua, na kwamba ukining'iniza kilishio usawa wa mgongo wa kuku unaokoa kingi. Aliwaambia kwamba alijua mapema kuna tatizo kwa sababu mfuko uliokuwa ukikaa siku nne ulianza kukaa tatu, halafu mbili na nusu. Binti wa Kilosa akauliza kwa adabu: "Mama, mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia," akasema. "Akaniambia mchanganuo unasema thelathini."

Hakuitazama sehemu niliyokaa. Akaendelea kuwaeleza habari za kilishio.

Mwaka huo nilibadilisha mpangilio wa somo. Mchanganuo haujaondoka, na sitaki uondoke. Vijana wangu wanauhitaji halmashauri na benki, na ukiandikwa vizuri ni kitu cha heshima. Umehamia mwisho. Wiki tatu za mwanzo hakuna anayeandika neno "faida". Kila kikundi kinakaa na mtu mmoja wa biashara wanayoitaka na kuandika daftari: mistari, tarehe, kilichopotea, kilichokopwa, nani anayefanya kazi asiyetajwa. Kutoka humo wanaandika kisa cha ukurasa mmoja, kinachokatika pale yule mtu anapobanwa, na wenzao wanakijadili akiwepo mwenyewe kama ana nafasi. Baadaye ndipo mchanganuo, usiozidi kurasa sita, na lazima uwe na sehemu inayoeleza ni kitu gani kitawaonyesha kwamba waache, na wiki ya ngapi. Nani ana haki ya kusema "tumepungukiwa" na kusikilizwa, hilo pia linaandikwa, kwa cheo chake hata kama ni mama anayelisha kuku.

Mwaka jana vikundi vinne kati ya 12 vilihitimisha kwamba biashara waliyoipenda haifai. Kimoja nilikipa alama ya juu kuliko vyote. Mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza, kwa nia njema, hao sasa watapeleka nini halmashauri. Ni swali la haki na limenisumbua. Viwili kati ya vikundi hivyo vinne vimerudi na biashara nyingine, ndogo kuliko ya kwanza: kimoja kinatengeneza makasha ya mbao ya kubebea mayai kwenye pikipiki, na mteja wake wa kwanza ni yule mama wa Mawenzi. Vingine viwili bado vinatafuta. Sijui kuwaharakisha, na sidhani kama nina haki hiyo.

Muhula huu wapo 38. Kopo liko juu ya meza yangu, daftari mke wangu amelichukua. Alisema wakilihitaji wamwite yeye. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tunaenda sokoni, mizigo inaposhushwa.